Ua la Nusu kwenye Kisu cha Kale

Mbaruku, tajiri asiyeona cha mtu akakiacha, aliingia kwa Makungu sonara. Mezani palikuwa na kisu cha kale cha kukunja, mpini wa pembe, ncha zake zimevikwa fedha yenye nakshi za maua. Akakinyakua.

"Hiki cha marehemu baba! Kiliibwa. Nayajua maua haya tangu utotoni."

"Alhamdulillahi, mwenyewe kapatikana," alisema Makungu. "Kumbe baba yako ndiye yule ngariba mwenye kisu hiki?"

Mbaruku akakishika kisu barabara. "Ndiye. Ngariba mashuhuri."

"Basi kila ua hapa ni mtoto mmoja aliyemtahiri. Manne mazima, hili la tano nusu."

"Kwa nini nusu?"

"Mkono uliteleza, bwana. Mtoto mwenyewe ni Vuai, muuza nyama wa duka la pili. Miaka arobaini anamuulizia mwenye kisu hiki. Ngoja nimwite, aje na panga lake."

Mbaruku akakirudisha kisu mezani haraka. "Cha baba hakikuwa na maua hata moja!" Akatoka mbio, viatu kaviacha mlangoni.

Makungu akavaa miwani, akashika patasi yake ndogo, akalimalizia lile ua la tano alilolianza asubuhi ileile.