Dundu Waliojiita Wauza Manukato

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mmenyimwa ubwabwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu.

Zamani za kale palikuwa na kikundi cha dundu. Kazi yao ilikuwa moja, kubingirisha mavi. Ndiyo, mavi, msizibe pua! Mbogo walipomaliza haja zao malishoni, dundu walifika, bingiri, bingiri, bingiri! Wakayafukia. Nyasi zikastawi, mbogo wakashiba. Dundu nao walitaga mayai ndani ya madonge yale, watoto wakianguliwa wakute chakula. Kila mtu na raha yake.

Kiongozi wao alikuwa Bi Kidawa. Mchapakazi kwelikweli, ila kazi yake aliionea haya. Siku moja akapita Kipepeo, amekunja uso.

"Shoga, mnanuka! Na hilo jina, Wabingirisha Mavi, ndiyo nini? Jiiteni Wauza Manukato, mheshimike."

Bi Kidawa akaona amepewa shauri la maana. Akatundika kibao kipya kilichoandikwa Wauza Manukato. Akawaambia wenzake waache mavi, wabingirishe maua. Bingiri, bingiri! Wapita njia wakasifu rangi. Bi Kidawa akavimba kichwa.

Maua yakanyauka. Wenzake wakamjia.

"Bi Kidawa, tutataga wapi? Maua hayalei mtoto."

"Subirini kidogo," akasema. Lakini aliogopa, maana naye tumbo lilijaa mayai na siku zilishafika.

Kule malishoni mavi yakajaa, yakajaa, yakajaa. Inzi, vuuu! Nyasi zikafa. Mzee Mbogo akatoka kutafuta msaada, akafika penye kibao.

"Hodi! Hapa ni kwa akina nani?"

"Karibu, Mzee Mbogo. Ni kwa Wauza Manukato."

"Aa, samahani, bibie, nimepotea. Nawatafuta Wabingirisha Mavi. Ndama wetu wanalala njaa. Nisipowapata mabingwa wale, kesho tunahama."

Mabingwa! Bi Kidawa hakujua kwamba waliitwa hivyo. Mzee Mbogo akageuka. Akaenda hatua moja, ya pili, ya tatu. Mbogo wakihama, je, mayai yale ya tumboni mwake yatakwenda wapi? Akaimeza aibu yake.

"Mzee Mbogo! Ngoja! Wabingirisha Mavi ndio sisi!"

"Ninyi? Mbona mmejificha?"

"Ni mimi niliyewaficha, mzee wangu. Ujinga tu."

Wakashuka malishoni saa ileile. Bingiri, bingiri, bingiri! Bi Kidawa akafinyanga donge zuri, akataga humo, akalia kwa furaha mbele za watu.

Mvua ziliponyesha nyasi zikachipua. Watoto wakatoka ardhini, weusi, wanang'aa. Mmoja akauliza, "Mama, sisi ni akina nani?"

"Sisi ni Wabingirisha Mavi, mwanangu. Shika hapa, sukuma."

Basi, wenye vikundi na makampuni, nanyi watoto mtakaoyaanzisha: jueni kwanza ninyi ni nani na mnamfaa nani. Jina na kibao vitoke hapo. Mkijipa jina lisilo lenu, anayewahitaji atafika hadi mlangoni na asiwatambue.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyecheka amecheka, sasa nendeni mkanawe mikono.