Kabla Hujanunua, Kamweleze Shangazi

Soma taratibu, wewe ambaye kidole kinakuwasha kila ukishika simu. Hii inakuhusu.

Palikuwa na kijana mmoja wa Mbagala, jina lake Nassoro, mwenye kiherehere usipime. Alikuwa ameingia kwenye mambo ya hisa juzijuzi tu, na tangu hapo hakuwa na raha. Akila, simu iko kando ya sahani. Akioga, simu iko dirishani. Bei ikipanda anajilaumu kwamba hakununua, ikishuka anashika kichwa kana kwamba alinunua.

Na pesa yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya shangazi yake, Bi Mwanahawa, aliyemlea tangu mchanga. Bi Mwanahawa alikuwa muuguzi, akastaafu, akapewa kiinua mgongo, na nyumba aliyokuwa akijenga ilikuwa imesimama kuta tupu ikisubiri bati. Nassoro alimbembeleza mpaka mama wa watu akalegea, akamwambia haya, izungushe, lakini masika yasinikute nyumba ya kupanga. Pesa ile ikipotea, ndiyo basi tena. Shangazi hakuwa na umri wa kuanza upya.

Hapo Nassoro akaona anahitaji mtu wa kumshika mkono. Kwenye magrupu ya simu walimu walikuwa tele, kila mmoja amepiga picha na gari, na kila mmoja anataka ada kwanza. Mwisho akaelekezwa kwa Mzee Kapinga, aliyekuwa dalali wa hisa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Watu walisema huyo mzee hakurupuki.

Nassoro akamfuata nyumbani kwake, akamwamkia, akaeleza shida yake huku mguu ukimtikisika chini ya meza. Alitegemea kuambiwa nunua hii, acha ile. Mzee akampa sharti moja tu.

"Kila hisa utakayotaka kununua, kwanza nenda kamweleze huyo shangazi yako. Kwa maneno ya nyumbani, mpaka aelewe. Asipoelewa, usinunue."

"Lakini Mzee, Shangazi hajui chochote kuhusu hisa."

"Ndiyo maana nakutuma kwake."

Nassoro aliondoka amenuna. Alijua kabisa kwamba mzee ana siri zake na anamficha. Lakini alikuwa ameshaahidi.

Basi ikawa shughuli. Akija na habari za kampuni ya mabasi, Shangazi anauliza hayo mabasi ni yao au ya mkopo. Nassoro hajui, anakwenda kuuliza, anarudi na jibu, anakutana na swali jingine. Kampuni pekee aliyofanikiwa kununua hisa zake ilikuwa ya saruji, na hiyo ni kwa sababu Shangazi alikuwa anajenga, akaelewa hata kabla hajamaliza kuelezwa.

Kisha ikaja kampuni ya mbolea. Weee! Kampuni mpya, bei inapanda kila kukicha, magrupu yote hayana habari nyingine. Nassoro akaenda mbio kwa Shangazi, akamkuta anapepeta mchele, akamwagia maneno yote bila kupumua. Bi Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kiwanda chao kiko wapi?"

Nassoro akasema kinajengwa.

"Na huo mfuko wa mbolea, kuna mkulima ameshaununua?"

 Kijana akalalamika kwamba wenzao wanatajirika, wao wamekaa wanaulizana habari za mifuko. Shangazi akasema yeye bado hajaelewa, akaendelea na mchele wake.

Siku zilizofuata zilikuwa mateso matupu. Bei ilipanda, ikapanda tena. Rafiki zake walikuwa wameshanunua, wakawa wanamwita mtoto wa Shangazi. Zaidi ya mara moja alijaza kila kitu kwenye simu, kimebaki kubonyeza tu, kisha akafuta kwa hasira. Alimchukia Mzee Kapinga. Na chuki kidogo ikamfikia hata Shangazi, nisikufiche.

Asubuhi moja habari zikatoka. Kiwanda hakikuwa kinajengwa, na hata kiwanja chenyewe kilikuwa na kesi. Hisa zikaporomoka, kila mtu anauza na hakuna wa kununua. Magrupu yakanyamaza.

Nassoro alimshukuru Mungu, akatoka mbio kwenda kumshukuru mwalimu wake. Akamkuta sebuleni peke yake, chai imepoa mezani, simu ameilaza kifudifudi. Kijana akaanza kumwaga shukrani, mzee akamkatisha.

"Mimi nilinunua."

Nassoro akadhani hakusikia vizuri.

"Nilinunua nyingi, mwanangu. Lile sharti nililokupa si langu, ni la marehemu mke wangu. Miaka yote sikununua kitu mpaka nimfuate jikoni nimweleze, na alikuwa haelewi haraka. Tangu aondoke, sina wa kuniuliza. Nikajiona najua."

 Nassoro alimwonea huruma, na hasira zote alizokuwa amemwekea zikaisha palepale. Akavuta kiti akakaa naye, simu ikilia mfukoni bila yeye kuigusa.

Masika yalipoanza, Bi Mwanahawa alikuwa ameshahamia kwake, nyumba imeezekwa kwa pesa ileile ambayo haikununua mbolea. Siku moja akasikia hodi. Alikuwa Mzee Kapinga, kofia mkononi, na Nassoro nyuma yake. Mzee akapewa kiti, akakohoa, akaona haya mtu mzima yule. Kisha akaanza kueleza habari za kampuni moja ya maziwa, ambayo alitaka kununua hisa zake kwa kile kidogo kilichombakia.

Bi Mwanahawa akaweka ungo chini, mvua inapiga juu ya bati, akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Hao ng'ombe," akauliza, "ni wa nani?"

Funzo: Ukitafuta mwalimu wa biashara, wa kukwambia cha kununua utawapata wengi, wewe mshike anayekulazimisha kueleza kwa nini unanunua. Na siku ukiwa mwalimu wewe mwenyewe, usikubali kubaki bila mtu wa kukuuliza.