Jina Moja katika Barua ya Daktari Mkwizu

Haya, mwenye kazi mkononi aendelee nayo, mimi nataka masikio tu. Hospitali moja ya Upareni ilikuwa na madaktari watatu wanawake. Nambua alikuwa na jicho: akikushika tumbo, anajua kilichomo. Tumsifu alikuwa na mikono myepesi. Zamoyoni, mkubwa wao, hakusahau alichokiona.

Bosi wao, Daktari Mkwizu, bingwa wa upasuaji, alikuwa na ubishi. Nani afanye upasuaji gani kesho, aliamua na wanaume wenzake wakiwa chumbani mwao mwa kubadilishia nguo. Wanawake walibadilishia kwa manesi. Wakitoka, mambo yameshaisha. Nambua aliposhika mimba, Mkwizu alimhamishia kliniki. Zamoyoni, kwa miaka kumi na minane, kazi yake ilikuwa kumshikilia bosi kidonda kiwe wazi ili bosi akate.

Jumapili moja tumbo likamkamata Mkwizu mwenyewe. Mabingwa wengine walikuwa safarini. Daktari wa zamu akasema ni vidonda vya tumbo, apewe dawa alale. Nambua akamshika, akasema utumbo umejisokota, wakingoja jioni watamzika.

Tumsifu akashika kisu. Kuunganisha utumbo alijifunzia kwa utumbo wa mbuzi wa buchani, maana wa mtu hakuwahi kupewa.

Katikati damu ikafoka, Tumsifu akaganda. Zamoyoni akamwonyesha pa kubana, kama alivyomwona Mkwizu akibana miaka yote ile. Damu ikakata.

Mkwizu akapona. Kabla ya kustaafu alipaswa kuandika barua ya mwisho, kupendekeza mwanamke wa kwenda kusomea ubingwa. Jamani, alijuta mtu yule! Akawaita, akawaomba radhi, akauliza amwandike nani. Tumsifu akasema aliyeshona ni yeye. Nambua akajibu kwamba bila yeye, wangeshona sanda. Zamoyoni akasema mwakani umri hautamruhusu tena.

"Basi tuandike wote, Daktari," akaongeza.

"Kanuni hairuhusu. Mwanamke mmoja kwa mwaka."

"Kanuni ya nani?"

Kanuni ya Mkwizu mwenyewe. Aliitunga yeye, akaisaini yeye, na siku ile aliona amewafanyia hisani. Wa kuifuta ni baraza la hospitali, nalo litakaa mwakani, yeye akiwa kwake analima tangawizi.

Barua inaondoka kesho, pa jina pako wazi. Haya, nyie mliokaa kimya: kalamu ingekuwa yenu, mngemwandika nani? Na wale wawili, mngewatazamaje usoni?