Jinsi Kiboko Alivyopandisha Ripita Kilimani

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na kilima!
Na juu ya kilima?
— Waya na kutu!
Basi simamisheni masikio kama antena, niwarushie.

Hapo kale, wala si kale sana maana redio zilishakuwepo, wanyama wa Bonde la Njugilo walikuwa na chama cha redio. Si redio ya kusikilizia taarabu, la. Redio za kusemezana. Kila mwanachama alikuwa na kiredio chake cha mkononi: bonya kitufe useme, ukimaliza sema "ovaa," achia usikilize. Lakini kiredio sauti yake fupi, haivuki kilima. Kwa hiyo kileleni waliweka mtambo, wakauita ripita. Ukisema huku kinyonge, ripita inaidaka sauti yako, inaipa nguvu, inaitupa kule, sauti moja tu kwa wakati mmoja. Daka! Tupa! Daka! Tupa!

Fundi wa ripita alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi, kanyama ka mawe, mdogo kama kikapu cha mayai, hana hata mkia wa kujivunia. Lakini mikono yake, Mungu ameibariki! Akishika waya, waya unatii.

Siku hizo ripita ilikuwa imezeeka. Ukisema "maji," inatoa "khaa-khaa-khaa." Na mwaka uliopita Pimbi aliona kutoka kilimani mto unafura, akaita bondeni, "Maji! Maji!" Ripita ikakohoa. Mama Kanga kule bondeni akasikia khaa-khaa-khaa, akadhani ni salamu, akaitikia, "Na kwako pia!" Maji yakaja yakabeba mayai yake yote.

Pimbi alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Wiki nzima kabla ya mafuriko aliuona waya umeoza. Akasema, kesho. Kesho yake akasema, kesho. Tangu siku ile hakusali sala ikakamilika bila kuutaja waya ule.

Wanachama wakahangaika mwaka mzima, mpaka ripita mpya ikapatikana. Sanduku la chuma, betri mbili nzito, mlingoti wa antena. Ikashushwa kando ya bwawa, nyumbani kwa mwenyekiti. Na mwenyekiti alikuwa nani? Kiboko! Mwenye shingo kama kinu na mdomo kama mlango wa ghala.

Kiboko akaizunguka ripita, akainusa, akasema, "Mtambo huu hauondoki hapa. Utakaa bwawani kwangu, nisemee mimi."

Pimbi akatazama milima ya mashariki. Wingu lilikuwa linajikusanya, jeusi tii. Mama Kanga alikuwa ametaga tena, mayai kumi na mawili, palepale bondeni. Na sanduku lile Pimbi asingeweza kulisogeza hata kidole. Akamwomba Mola amsamehe kwa uongo mdogo uliokuwa njiani, kisha akainama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, umesema vyema. Hapa panatosha kabisa. Tuiwashe, sauti yako isikike."

Wakawasha. Kiboko akabonya kitufe. "Hapa Kiboko! Nani ananipata? Ovaa!"

Krrr... "Nakupata, mzee," akajibu Chura, aliyekuwa kwenye matete.

"Chura? Chura ananisikia hata bila redio!"

"Panatosha, mzee," alisema Pimbi. "Kwa mwenye sauti ya kawaida, panatosha."

"Nani mwenye sauti ya kawaida?" Kiboko akauinamia mzigo, akautupia mgongoni. Puu! Puu! Puu! Mpaka chini ya kilima. Akabonya. "Hapa Kiboko! Nani ananipata? Ovaa!"

Krrr... "Nakupata, mzee," akajibu Nungunungu, katibu wa chama, aliyekuwa kivukoni.

"Kivukoni tu?"

"Panatosha, mzee. Kwa mwenye sauti ya kawaida, panatosha."

"Tena unarudia!" Puu! Puu! Puu! Mpaka katikati ya kilima. Mawe yanaporomoka, tope la mgongoni limekauka limekuwa vigae, jasho jekundu linamtiririka. Na tuseme kweli, watoto, nguvu zile zilikuwa za kustaajabisha. Pimbi mwenyewe, kwa kumwangalia tu, alichoka. "Hapa Kiboko! Nani ananipata? Ovaa!"

Krrr... "Nakupata, baba," akajibu Mama Kanga bondeni. "Una nini, mbona unahema?"

"Sihemi!"

"Panatosha, mzee," alisema Pimbi.

"Nyamaza wewe!" Puu! Puu! Puu! Mpaka kileleni. Mlingoti Kiboko akausimika kwa pigo moja la kichwa: ndii! Pimbi akafunga waya, akakaza skrubu, akaukagua mara ya pili, akaukagua mara ya tatu. Kisha akageuza swichi moja ndogo ndani ya sanduku. Hakusema ni ya nini.

"Hapa Kiboko! Nani ananipata? Ovaa!"

Daka! Tupa! Likajibu bonde zima. Akajibu hata Korongo wa kinamasi, mwendo wa siku saba. Kiboko machozi yakamlengalenga. Akabonya kitufe, akaanza: "Mimi Kiboko, mwana wa Kiboko, niliyezaliwa na meno..."

Ngurumo ikapiga mashariki. Pimbi akageuka. Mto ulikuwa unafura, wa kahawia, unakuja na magogo.

"Mzee, achia kitufe! Maji!"

"...nikamshinda Mamba wa kwanza, nikamshinda Mamba wa pili..."

"Mzee, Mama Kanga ana mayai!"

"...Mamba wa tatu huyo ngoja niwaeleze kwa kirefu..."

Pimbi angemfanya nini? Akasimama na kiredio chake mkononi, midomo inacheza kwa dua. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu...

Tii! Ripita ikanyamaza kimya.

"Imekufa?" Kiboko akaachia kitufe, akakitikisa kiredio.

Tii! Ripita ikaamka. Pimbi akabonya hapohapo. "Mama Kanga! Maji! Maji! Hamisha mayai! Ovaa!"

Neno halikukohoa. Lilifika kavu, safi, kama yai.

"Nimekupata! Ngiri, Nungunungu, njooni tubebe!"

Wakabeba. La mwisho lilipofika mwinukoni, maji yalikuwa yanalamba kiota kitupu.

"Kumi na mawili, mwanangu," akasema Mama Kanga. "Ovaa."

Pimbi akabonya kitufe. "Mama, mwaka jana ule waya ulikuwa kazi yangu. Niliuona. Nikasema kesho. Nisamehe. Ovaa."

Krrr... Mama Kanga akauliza:

"Na huu wa leo umeukaza?"

"Nimeukaza, mama."

"Basi nimekusamehe. Usiondoke hapo juu. Ovaa."

Kiboko alikuwa amevimba. "Pimbi! Mbona mtambo umenikata?"

Ile swichi ndogo, mnajua, ilikuwa ya kumkata yeyote anayezidisha dakika tatu, mpaka aachie kitufe. Pimbi akainama tena. "Haukukukata, mzee. Umezimia kwa utamu wa maneno yako. Sisi wengine maneno yetu hayajawahi kuuzimisha."

Kiboko akatabasamu mpaka masikio yakakutana. Akashuka bwawani kuloweka ngozi. Na hadi leo kila jioni husema dakika tatu, tii! hunyamazishwa, naye huwaambia majirani, "Mmesikia? Umezimia tena!" Kisha huachia kitufe kwa furaha, wengine wakapata nafasi.

Betri ya hadithi imeishia hapo. Kama imewafikia safi, ni yenu nyote. Kama imekwaruza, antena mbovu ni yangu.

Na fundisho, watoto: msiogope kujisifu, jisifuni sana! Angekuwa Kiboko mnyenyekevu, ripita ingekuwa bado bwawani na Chura.