Tarumbeta na Mrija wa Maabara

Siku ya mtihani wa vitendo, chuo chenye ghorofa tisa kilikuwa kimya kama maji mtungini. Wanafunzi wa ufamasia walijipanga mezani, kila mmoja na mrija wake wa kioo. Miongoni mwao alikuwepo binti wa fundi saa, ambaye wenzake walimwita Mashavu, kwani alipuliza tarumbeta tangu angali na meno ya utoto.

Chuoni hapo vipindi vilianza asubuhi vikaisha magharibi, na tarumbeta ilipigwa marufuku. Mwaka mzima Mashavu alijizoeza kwa siri darasani, akibana midomo na kupuliza hewa tupu. Mhadhiri mmoja alidhani anabusiwa, akawa anafundisha akiwa amejificha nyuma ya ubao.

"Vuta dawa mpaka kwenye alama," msimamizi aliamuru, akiinama kutazama.

Mashavu alitia mrija mdomoni. Mazoea yana taabu! Badala ya kuvuta, alipuliza kwa pumzi zake zote. Dawa ya zambarau ilifoka chupani, ikatua kwenye ndevu nyeupe za msimamizi. Watu walipigwa na butwaa. Hata feni, wasema walioshuhudia, ilisita kuzunguka.

Alipata sifuri. Wiki hiyohiyo akaomba kuhamia chuo kidogo cha mji jirani: masomo yaleyale, ila vipindi viliisha saa nane mchana.

Fundi saa alipoambiwa, kibano kilimdondoka.

"Unatoka ghorofa tisa unakwenda kwenye bati? Umerogwa?"

"Baba, kule nitasoma na nitapuliza. Hapa sifanyi hata kimoja."

"Tarumbeta haijamtibu mtu!"

"Wala sifuri, baba."

Muhula mzima mzee hakumpigia simu. Ulipokwisha, alifunga kibanda, akapanda basi kwenda kumrudisha mwenyewe.

Matokeo yalikuwa yamebandikwa mlangoni. Alianza kumtafuta bintiye mkiani. Akapanda, akapanda, jasho likimtiririka hadi kwenye miwani. Jina alilikuta juu kabisa! Kabla hajapata pumzi, tarumbeta ililia uani. Mashavu alikuwa akiongoza bendi ya chuo, uso ukimng'aa. Mzee aliachama, nzi angeweza kupanga chumba mle na kulipa kodi.

"Baba! Umekuja kunichukua?" binti aliuliza, tarumbeta kaikumbatia.

Fundi saa alifuta miwani. "Ile fomu ya chuo cha kwanza niliijaza mimi. Hata kukuuliza, sikukuuliza."

"Najua. Mwandiko wako naufahamu."

"Sasa mbona ulinyamaza, mwanangu?"

"Nilidhani wewe ndiye unayeijua njia."

Maneno hayo yalimpata kuliko kofi. Alikaa kwenye ngazi, akavua kofia.

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema. "Haya, puliza nisikie."

Kweli, kupotea njia ndiko kujua njia.