Kiapo cha Shechambo

Njooni mnisaidie, maana kisa hiki kimenishinda.

Katika kijiji cha Kwemlasi, milimani Usambara, walikuwapo vijana watatu waliotembeza wageni msituni kwa baiskeli za milimani. Hoza aliijua njia hata ukungu ukifunika. Kupaza, hakuna baiskeli iliyomshinda kutengeneza. Mweta alikuwa na miguu. Mlima ambao wenzake hushuka wakasukuma, yeye aliupanda akipiga mluzi.

Asubuhi moja ya masika, Rukia, mke wa Shechambo, alijifungua mtoto wa kiume, na damu ikakataa kukatika. Sindano za kuizuia zilikuwa zimekwisha pale zahanati. Zilikuwapo hospitali, ng'ambo ya msitu, na barabara ilikuwa imefukiwa na maporomoko. Shechambo akatoka mikono kichwani, akawaapia wale watatu mbele ya wazee: "Atakayeniokolea mke wangu, mtoto ataitwa jina lake!"

Ulimi hauna mfupa, jamani.

Wakaenda, wakapewa sindano katika kisanduku cha barafu. Wakati wa kurudi ukungu ukashuka. Hoza akatangulia, akiita kila kona: "Kushoto! Angalieni mzizi!" Bila yeye wangeshapotea. Kwenye mteremko wa mwisho breki yake ikakatika, akaanguka, akavunjika mguu.

Kupaza, aliyekuwa nyuma yake, akamgonga, na baiskeli yake ikakatika fremu. Mweta akakwepa, mawe yakachana tairi lake la nyuma. Hawakuwa hata na tyubu ya akiba. Kupaza akang'oa gurudumu la baiskeli yake iliyovunjika, akalifunga kwenye ya Mweta, vidole vikimchuruzika damu. "Nenda, ndugu yangu. Mimi nabaki na Hoza."

Mweta akafunga kisanduku mgongoni, akaupanda mlima peke yake katika tope. Mara mbili alitapika, wala hakushusha mguu chini. Alipofika, muuguzi alisema, "Ungechelewa kidogo tu, tungempoteza." Rukia akapona.

Siku ya saba watu wakakusanyika. Desturi ya Kwemlasi ni kali: mtoto hupewa jina la mtu mmoja tu, na mtu huyo huwa baba yake wa pili. Jua likizama mtu huyo hajatajwa, mtoto huhesabiwa hakupokelewa na ukoo.

"Njia niliionyesha mimi," akasema Hoza, mguu umefungwa plasta.

"Na gurudumu lilitoka wapi?" akauliza Kupaza.

"Sindano ililetwa na nani?" akasema Mweta, kisha akaona haya, akainama.

Shechambo akawageukia wazee. Wakamwambia, "Mwanetu, uliapa bila kutuuliza. Sisi tutakusaidiaje?"

Akasimama katikati ya uwanja, mtoto mikononi. Machozi yakamtoka.

"Taja basi, baba watoto," akasihi Rukia. "Jua linaondoka."

Mimi nimeshindwa, nakiri. Je, wewe ungemwita nani?