Zimwi la Mlima wa Tatu

Sogeeni, jamani, niwape kisa, na aibu yake niibebe mwenyewe. Mimi niliyetembea nchi saba niliwahi kuliamkia jiwe. Lilikuwa limejikunyata njiani kama bibi kizee, nikaliambia, "Shikamoo, bibi," kisha nikanuna kwa kuwa halikuitikia.

Nilikuwa natembea peke yangu tangu alfajiri. Nilipanda mlima wa kwanza, nikashuka. Nikapanda wa pili, nikashuka. Wa tatu niliupanda kwa magoti, malengelenge yamepasuka, na kutwa nzima sikusikia ila pumzi zangu. Jiwe lile lilikuwa mtu wangu wa kwanza.

"Marahaba," likasema mwishowe, likafumbua jicho moja. Kumbe zimwi. "Ukisema kweli, utapita. Ukidanganya, utakuwa jiwe kama mimi. Huko uendako, nani anakungoja?"

"Mke wangu," nikasema. Miguu ikawa jiwe.

"Rafiki zangu, basi." Kiuno kikawa jiwe.

"Mara ya mwisho," zimwi likasema. "Nani?"

Nikaikumbuka miji yote niliyolala, na milango yote niliyotoka bila kuagwa.

"Hakuna," nikajibu. "Hakuna mtu."

Mwili ukalegea, miguu ikarudi. Njia ilikuwa wazi mbele yangu, nami sikuondoka.

"Bibi, nawe uko peke yako hapa," nikasema. "Je, nikae nawe? Nina hadithi nyingi, na vichekesho, na nyimbo kidogo."

Zimwi likafumba jicho.

"Hapana, mjukuu wangu. Unaongea mno."